Kasi ya Fimbo ya Meja, Toa Mchanga

Jumatatu, tarehe 9 Februari 2004

Siku kubwa! Leo nimekuwa mutu wa vipimo tena.

Kwanza niandike hali ilivyo, ili kesho risasi ikinipata, atakayeokota cahier hii, daftari langu, aelewe. Mimi ni Théodore, wa Bigo, hapa Bunia. Miaka kumi na moja nilikuwa mpima dhahabu kwenye comptoir, duka la kununulia dhahabu, kule Mongbwalu. Sasa naokota mipira ya golfu kwenye kambi ya kofia za bluu, askari wa Umoja wa Mataifa, karibu na uwanja wa ndege. Kila asubuhi Meja, mkubwa wa kambi, anapiga mipira kwa fimbo ya chuma, mipira inaingia kwenye wavu wa samaki uliofungwa kati ya kontena mbili, mimi naitoa, yeye anaipiga tena. Mutu mzima! Lakini kazi iko kazi.

Bibi yangu Domitille na watoto wetu, Espoir na Divine, wako Tchomia, kule ziwani, tangu tarehe 10 ya mwezi wa tano mwaka jana. Siku ile tulikimbia vita wote pamoja. Tulipofika kwenye lori nikakumbuka mizani yangu. Nikarudi nyumbani mbio kuichukua. Niliporudi barabarani, lori hakuna. Mizani yenyewe nikanyang'anywa kwenye barrière ya pili, kizuizi cha watu wenye bunduki. Sitaki kuandika zaidi juu ya siku ile.

Sasa, Jumamosi tarehe 21, magari ya kambi yatashuka Tchomia na ulinzi, yarudi na familia za wafanyakazi. Bila ulinzi njia ile ni kifo. Orodha ya majina inatiwa saini na Meja. Basi hesabu ni hii: Meja akinipenda, Domitille anapanda gari. Asiponipenda, hapandi. Lazima anipende ndani ya siku kumi na mbili.

Na leo mlango umefunguka! Meja amekuja na rada, ile polisi wao wa barabarani wanapimia mwendo wa magari, kama bastola kubwa isiyo na risasi. Claire, mkalimani wetu, ametafsiri. Meja anashindana na meja mwenzake wa kambi ya mbali. Kila Ijumaa wanapeana namba kwa redio: nani anazungusha fimbo kwa kasi zaidi. Si mpira umefika wapi. Kasi tu. Meja anatafuta mutu mwaminifu wa kumpimia.

Nimenyoosha mkono kabla Claire hajamaliza. Ameniuliza kama najua rada. Nimesema ndiyo mara tatu.

Sijawahi kushika rada. Kasereka, fundi wa groupe électrogène, jenereta ya kambi, amecheka mpaka akakohoa. Yule iko na diplôme, na kila siku iko na haki, hakosei hata mara moja. Simpendi.

Jumanne, tarehe 10 Februari

Aka! Kitu hiki kina kichwa kigumu.

Nimesimama pembeni ya Meja, hatua tano, mahali pa heshima. Amezungusha fimbo kwa nguvu zake zote. Rada: kilomita 37 kwa saa. Nimetangaza kwa sauti. Hakuna aliyehitaji tafsiri ya uso wa Meja.

Kasereka, juu ya bati la kontena na bisibisi mdomoni, amesema ukisimama pembeni rada inaona fimbo ikipita tu, haiioni ikija wala ikienda, kwa hiyo inapunja. Kaa kwenye njia ya fimbo, amesema. Nimemjibu kwamba najua. Nimengoja aende kula sombe yake, halafu nimehamia nyuma ya wavu, mbele ya Meja.

203! Meja amenikumbatia. Ananukia sabuni nzuri. Nimeshamwona Domitille kwenye gari, na sufuria zake, na godoro.

Kasereka amerudi na sombe kwenye meno. Amesema ile 203 ni ya mpira, si ya fimbo, mpira unaruka kwa kasi kuliko fimbo iliyoupiga. Sasa hiyo inawezekana wapi? Mutu anakusukuma, na weye unakimbia kuliko yeye? Lakini Meja amekubali, amesikitika, ameondoka. Kesho tunapima bila mpira.

Jumatano, tarehe 11 Februari

Leo rasmi. Hakuna mpira. Mimi nyuma ya wavu, fimbo inakuja upande wangu. 142. Tena, 141. Tena, 142. Kitu kinachorudia namba yake ni kitu cha kweli, hata dhahabu iko hivyo.

Nimefungua cahier ya Meja, na mkono umeandika 135.

Sikuutuma! Umeandika wenyewe. Nimekaa nikafikiri, na nimeona mkono uko na haki. Kwenye comptoir hakuna dhahabu inayoingia safi. Mchimbaji analeta vumbi lake, unaliweka kwenye mizani, upande wa pili unaweka njiti za kiberiti, unahesabu njiti, halafu unatoa mchanga. Kila mia, toa tano. Hata kama mchanga hauonekani. Hasa kama hauonekani! Mpima asiyetoa mchanga hafiki Noeli kazini. Basi na kasi nayo lazima iko na mchanga wake: upepo, mkono wa shati, ile kelele ya "fyuu". Mia na arobaini na mbili, toa saba. Mia na thelathini na tano, safi.

Nimempelekea Meja namba. Ameuliza kama nina hakika, kwa sababu kwao alikuwa anafika 142. Nimeapa kwa kaburi la baba. Amejishika bega, amelikanda. Nimemhurumia sana, lakini ukweli ni ukweli.

Alhamisi, tarehe 12 Februari

Sielewi kitu. Niandike polepole.

Daktari wa kambi amerudi kutoka likizo na simulateur, mashine ya golfu ya uongo. Ni zulia dogo lenye vijicho vya taa, waya nyingi, ordinateur yaani kompyuta, na shuka jeupe linalotundikwa kwenye kontena. Unazungusha fimbo juu ya zulia, na kwenye shuka kunatokea majani, miti, na ziwa. Mpira wa uongo unaruka, unaanguka kwenye ziwa la uongo. Wapishi wote wametoka jikoni kuangalia. Mmoja ameuliza kama mule muko samaki. Kasereka ndiye amefunga waya, kwa hiyo anatembea kama baba wa mashine.

Meja amezungusha mara moja. Zulia limesema 88. Rada mkononi mwangu imesema 142. Pigo lile lile! Mutu yule yule! Nimeigonga rada kidogo, nimemwomba arudie. 142. Nimelitazama zulia kwa jicho kali. 88.

Kasereka amesema zote mbili ziko sawa. Mungu wangu! Duka moja, mizani mbili, moja inasema ng'ombe na nyingine inasema mbuzi, na zote ziko sawa? Claire amenivuta kando ili anieleze. Ameanza kusema kwamba zulia limetengenezwa na watu ambao barabara zao hawazihesabu kwa kilomita, wanazihesabu kwa... na hapo helikopta imeshuka. Midomo ya Claire imeendelea muda mrefu. Nimetikisa kichwa. Vumbi lilipotulia ameuliza kama nimeelewa. Nimetikisa tena.

Kuuliza si ujinga, najua. Lakini mutu wa vipimo akiuliza juu ya kipimo, kesho yake anarudi kuokota mipira.

Ijumaa, tarehe 13 Februari

Dawa nimeipata kwenye chai! Sheria ya zamani ya Mongbwalu: mizani mbili zikigombana, usitafute nani mwongo. Jumlisha, gawa katikati, kila mutu aende kwake na amani. 142 na 88 ni 230. Nusu yake 115. Toa mchanga, 109. Nimeiandika kwa herufi nzuri na mstari chini.

Saa nne Meja ameingia kwenye redio. Ametoa 109. Upande wa pili wametoa 138. Halafu kicheko. Redio ile maneno inayakatakata, lakini kicheko kimefika kizima.

Meja amekaa juu ya sanduku la risasi. Jumatano 135, leo 109. Amemuuliza Claire, polepole, kama hewa ya Bunia inaweza kumaliza nguvu za mutu kwa siku mbili. Claire ameniangalia mimi. Mimi nimeangalia wavu.

Daktari amemtoa damu kutafuta malaria. Hakuna malaria. Sasa daktari ameogopa zaidi.

Zimebaki siku nane. Orodha hakuna aliyeitaja. 

Jumapili, tarehe 15 Februari

Baada ya misa nimemkuta Bibiane kwenye barza yangu. Anauza samaki wakavu wa Tchomia. Kila barrière inamjua kwa sababu kila barrière inakula samaki wake, kwa hiyo yeye anapita. Ameniletea barua ya Domitille, imekunjwa mara nane, inanuka moshi.

Espoir viatu vinambana. Divine anauliza kama baba yake angali mrefu. Wanalala sita kwenye chumba cha watu, na juzi risasi zimesikika karibu. Domitille amesikia magari ya kambi yanakuja, anauliza kama wao wamo. Mwisho ameandika: "Théodore, weye usifanye akili nyingi. Omba tu."

Nimeisoma mara nne. Nimelia, mbele ya Bibiane, na Bibiane ameangalia samaki wake kwa heshima. Mizani! Niliiacha familia kwa ajili ya mizani!

Halafu nimepangusa macho na nimefikiri. Omba tu? Domitille ni mwanamke wa akili, lakini hajafanya kazi na wakubwa. Mkubwa haombwi wakati iko na huzuni. Kwanza unamfurahisha. Meja anataka namba kubwa? Nitampa namba kubwa.

Jumatatu, tarehe 16 Februari

Wachimbaji wabaya walikuwa wanachanganya dhahabu na unga wa shaba ili mizani ishuke upande wao. Niliwakamata wengi, kwa hiyo kazi yao naijua. Shaba yangu leo ni Mbusa.

Mbusa ni jirani, iko na moto, pikipiki ya magurudumu mawili, na kwa maneno yake hakuna moto ya mbio kama yake Bigo nzima. Barabara inapita nyuma ya mgongo wa Meja, nje ya senyenge ya kambi. Mpango: Meja akiinua fimbo, mimi navua kofia. Mbusa akiona kofia, anakuja na gesi yote. Rada naielekeza juu kidogo ya bega la Meja, inamshika Mbusa, mimi namtangaza Meja. Nimemuuliza Mbusa moto inafika ngapi. Amesema mia mbili. Nimemwamini!

Jua lilikuwa kali. Nimevua kofia kujipangusa jasho, Mbusa amepita. Nimeivua kujikuna, Mbusa amepita. Mara ya tatu Meja ameinua fimbo kweli, kofia imeshuka, Mbusa amekuja. Lakini barabara ile! Shimo hili, shimo lile, mawe ya barrière ya zamani. Anakwepa kushoto, anakwepa kulia, mbuzi wawili wanamfuata.

43.

Na mimi nimesema! Miaka kumi na moja mdomo wangu unasoma mizani kabla kichwa hakijatoa ruhusa. Nimepiga kelele: quarante-trois! Claire amekwisha kutafsiri kabla sijajiziba mdomo.

Meja ameilaza fimbo chini polepole kama mutoto aliyelala. Amekwenda mwenyewe kwa daktari, hakuaga. Kasereka ameniangalia kutoka juu ya bati. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Hiyo ndiyo imenitisha.

Jumatano, tarehe 18 Februari

Nimekwisha! Halafu sikwisha. Sijui.

Asubuhi Kasereka amempima Meja kwa rada nyuma ya nyumba ya daktari. 142. Mara tano, 142. Meja, bila viatu bado, ameagiza niletwe mimi pamoja na cahier yake ya namba.

Nimesimama mbele yake. Amesoma 135, amesoma 109, ameona safu niliyoandika juu yake "mchanga". Amemuuliza Claire neno lile ni nini. Claire ametafsiri. Ameuliza tena. Ametafsiri tena. Mara ya tatu Claire ameshika udongo chini akamwonyesha.

Nimejitetea. Nimeeleza comptoir, njiti za kiberiti, tano kwa kila mia, mizani mbili zinazogombana. Nilieleza vizuri kabisa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo macho ya Meja yalivyozidi kuwa makubwa. Halafu amecheka. Amecheka mpaka amejishika kwenye mlango. Daktari amekuja mbio na sindano.

Alipopumua ameuliza: sasa kwa nini ulijitia kazi usiyoijua? Nilikuwa na majibu matatu ya akili, yameondoka yote. Nimesema Domitille. Nimesema Espoir, Divine, Tchomia, orodha, lori lililoniacha. Nimelia kama mutoto mbele ya wazungu na wapishi.

Claire hakutafsiri mara moja. Amesema, papa Théodore, mficha uchi hazai. Amesema orodha iko kwenye mlango wa jikoni tangu tarehe 9. Kila mfanyakazi anaandika familia yake mwenyewe. Meja anatia saini chini tu. Na ametia saini leo asubuhi, imefungwa.

Kwenye mlango wa jikoni! Mlango ule napita mara mbili kila siku na sahani ya maharagi! Niliona karatasi, niliona muhuri, nikadhani ni sheria za kunawa mikono.

Nimekimbia. Saini ya Meja iko, muhuri iko, nafasi ya kuongeza hakuna. Nimepitisha kidole kwenye majina. Kwenye namba saba kidole kimesimama: Domitille, Espoir, Divine, familia ya Théodore. Mwandiko umenyooka kama wa cheti.

Kasereka alikuwa nyuma yangu na bisibisi yake. Amesema aliyaandika tarehe 9 ile ile. Amesema: "Nilikuona unakimbilia rada, nikasema, huyu hataona karatasi."

 Nimekaa chini mlangoni mwa jikoni, wapishi wananiruka na masufuria. Nimemshika Kasereka mkono wenye bisibisi. Amenipa kipande cha mkate, amerudi kwenye groupe yake.

Meja amenirudisha kwenye mipira. Ni haki. Lakini ile 88 bado sijaelewa.

Alhamisi, tarehe 19 Februari

Nimefikiri mchana wote. Kwa nini Kasereka ameandika majina yangu? Mutu hafanyi kitu bure. Anataka nini?

Nimempelekea ndizi ili nimchunguze. Amekula, amesema aksanti, ameuliza watoto wana miaka mingapi. Huyu ni mutu wa hatari.

Jumamosi, tarehe 21 Februari

Tangu alfajiri niko kwenye geti. Saa tisa hakuna kitu. Saa kumi hakuna kitu. Mutu mmoja amesema kumesikika risasi upande wa Bogoro, kwenye njia ya kutoka Tchomia.  Meja amepita, ameniona, amekwenda, amerudi na rada. Ameniwekea mkononi. Nadhani ameona mikono yangu inahitaji kitu cha kushika.

Saa kumi na nusu, vumbi. Nimeelekeza rada. 22. Domitille alikuwa anakuja kwangu kwa kilomita ishirini na mbili kwa saa. Halafu 15. Halafu 6. Halafu kioo kikawa kitupu kabisa, kwa sababu wamefika.

Espoir amenifika sikioni. Divine ameniangalia juu mpaka chini na amesema kumbe si mrefu sana. Domitille ameshuka na godoro kichwani, amelitupa, amenipiga kifuani kwa kitenge, halafu ameniegemea, na mimi nilisahau rada iko mkononi, ikamgonga mgongoni.

Kasereka amebeba sufuria zote mpaka Bigo. Bado namchunguza.

Nyumbani Domitille ameniuliza kama niliomba tu, kama alivyoniandikia. Nimesema ndiyo mara tatu.

Halafu ameniambia kwamba kule ziwani alihesabu siku kwa mkaa kwenye ukuta, na hakuna hata moja iliyopita bila kunikumbuka. Siku mia mbili themanini na saba! Nimelia tena, wazi kabisa, watoto wanaona. Amecheka, amenipangusa uso kwa mkono unaonuka moshi, amekwenda kuwasha makala ya kupikia.

Nimefungua cahier, nimeandika. Mia mbili sabini na tatu, safi.